Mizani

Kazi yangu sasa ni kupima.
Ukija na chuma unakitua kwenye bamba,
mshale unatikisika, unatulia,
nasoma, naandika, Badri analipa.
Siulizi kimetoka wapi.
Kutaisi nzima inajua kimetoka wapi.

Zamani pia nilipima,
lakini kwa maikromita.
Unywele, kwetu, ulikuwa gogo.
Tsiala wa ukaguzi alinirudishia gia
kwa kosa ambalo jicho halilioni,
nikamchukia hadi saa ya chakula,
kisha tukamega mkate mmoja wa jibini.

Leo Tsiala anauza mbegu za alizeti langoni,
anapimia bilauri.
Anaijaza mpaka mdomoni, anaongeza za kiganja,
mkono ule haukufunzwa kupunja.
Kilo ya mbegu zake
ni ghali kuliko kilo ya kiwanda.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Basi mgeni alikuja, majira ya baridi, umeme hakuna,
akatuhutubia koti likiwa mwilini,
mvuke ukimtoka kwa kila neno:
ubinafsishaji,
ushindani,
soko litajipanga lenyewe.
Zauri akauliza kutoka nyuma: Litajipanga foleni?
Tulicheka. Foleni tulizijua.

Kila mtu akapewa vocha, fungu lake la nchi,
karatasi ngumu, nzuri, yenye muhuri.
Zauri alibadilisha yake kwa gunia la unga na chupa.
Mimi yangu ninayo.
Siku moja Badri hayupo niliiweka kwenye bamba.
Mshale haukushtuka.

Sitadanganya, giaboksi zetu zilivuja.
Madereva walitutukania mama zetu
kuanzia hapa hadi mpakani.
Za kigeni zilipoingia, nyepesi, kimya, bei ya chini,
hata mimi nilizipapasa kwa wivu.
Lakini zile zetu, pamoja na kuvuja,
zilipika chungu katika nyumba elfu tatu,
na hilo halikuwa na safu
katika daftari la mgeni.

Aliyekusanya vocha za wenye njaa akanunua kiwanda.
Hakuwasha taa hata siku moja.
Aliwasha tochi ya gesi.

Jumanne wakaleta kerezo namba mia na kumi na nne,
limekatwa vipande vitatu kama ng'ombe wa matanga.
Nilisimama mbele yake miaka kumi na tisa.
Likizunguka lilikuwa na vina:
kina cha kati, chuma kikilia,
kina cha mwisho, kikinyamaza;
ningelala wima na mikono isikosee.
Chini ya kitako, grisi inapojificha,
kuna jina nililochora kwa msumari
usiku mke wangu alipojifungua: Vazha.
Jina bado lipo. Mwenyewe yuko Thesaloniki,
anapaka rangi kuta za watu.

Walioleta ni vijana wawili.
Mmoja mtoto wa Zauri.
Hakunitazama, nami sikumtazama.
Njaa nayo ina adabu zake.

Badri alikwenda kupokea simu.
Nikachomoa pete ya vipimo, ile yenye mistari mia,
kila mstari sehemu ya mia ya milimita,
nikaitia mfukoni.
Ilikuwa baridi kama samaki,
halafu ikaanza kuchukua joto la paja.

Meli inasubiri Poti.
Kerezo litayeyushwa ng'ambo, litarudi sokoni sufuria,
Mzia wangu atainunua kwa sababu ni rahisi,
na mpini utang'oka kabla ya Pasaka.

Badri akarudi, akatazama mshale,
akatazama hati ya vijana,
akatazama mshale.
Hapa pamepungua gramu mia tatu.

Kutu, nikasema.
Huwa inadondoka njiani.